Saa sita na nusu za kusahau: tathmini ya "Everywhere at the End of Time"

Mtu anayenunua mfululizo wa albamu "Everywhere at the End of Time" wa The Caretaker ananunua vipande 50 vya sauti vinavyochukua takribani saa sita na nusu, vilivyogawanywa katika hatua sita zinazofuata mwendo wa dimentia, yaani maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, kuanzia dalili za mwanzo hadi mwisho. The Caretaker ni jina la kazi la Leyland James Kirby, Mwingereza aliyezaliwa Stockport mwaka 1974, ambaye alilianza mwaka 1999 kwa kuvutiwa na ukumbi wa dansi wenye mizimu katika filamu ya Stanley Kubrick, "The Shining". Hatua ya 1 ilitoka Septemba 2016 na hatua ya 6 Machi 2019, na kwa hatua hiyo ya mwisho Kirby akamzika mhusika wake. Ni vyema ieleweke mapema kwamba mgonjwa ni mhusika huyo, wala si Kirby mwenyewe, maana taarifa potofu kuhusu afya yake zilienea mradi ulipotangazwa na ikabidi zisahihishwe.

Malighafi ya kazi hii ni santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zenye muziki wa kumbi za dansi wa miaka ya 1920 na 1930. Kirby huzikata, huzirudiarudia, huzipunguza kasi, huziongezea mwangwi na kuacha mikwaruzo yake isikike. Kipande cha kwanza kabisa, chenye alama A1, ni sehemu ya vyombo iliyochukuliwa kutoka katika rekodi ya mwaka 1931 ya wimbo "Heartaches", ambayo mwimbaji wake ni Al Bowlly. Inafurahisha kwamba Bowlly, ambaye Waingereza wengi humhesabu kuwa sauti ya enzi yao, alizaliwa katika pwani ya Bahari ya Hindi, mjini Lourenço Marques ambao leo ni Maputo, akakulia Johannesburg, na akauawa London Aprili 1941 kwa bomu la Wajerumani.

Hatua ya 1, kwa hiyo, ni tamu. Mtu angeweza kuiweka ikicheza sebuleni wageni wakinywa chai na hakuna ambaye angeuliza kitu. Kasoro ni ndogo mno: kipande hukatika kabla ya sentensi ya muziki kukamilika, au hujirudia mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, na msikilizaji asiyekuwa makini haoni. Niliisikiliza nikijiuliza kama utamu huu unatuhusu sisi ambao babu zetu hawakucheza foxtrot, na jibu langu ni kwamba unatuhusu kwa sababu ya mikwaruzo kuliko kwa sababu ya nyimbo. Sahani za aina hiyohiyo ndizo zilizobeba sauti ya Siti binti Saad aliporekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, na yeyote aliyewahi kusikia rekodi hizo anajua kuwa mvumo wa sindano juu ya sahani unatangaza uzee kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Katika hatua ya 2 "Heartaches" inarudi, ikiwa nzito na yenye kujikokota, na hatua ya 3 inaigusa tena kwa namna iliyovurugika zaidi. Hapo ndipo nilipoona ustadi ambao si wa sauti peke yake. Majina ya vipande vya hatua ya 3 ni maneno ya vipande vya awali na ya albamu zake zilizopita yaliyochanganywa upya, kama "Burning despair does ache" au "Hidden sea buried deep": kila neno lipo, lakini sentensi haisimami, na ukiyasoma kwa mfululizo unamsikia mtu ambaye bado ana msamiati wake wote na amepoteza kamba ya kuufungia. Picha za majalada za mchoraji Ivan Seal zinakwenda sambamba na jambo hilo bila kuandikwa neno lolote juu yake. Hatua ya 2 ina chombo cha maua kinachotambulika kwa shida, hatua ya 4 ina kichwa cha mtu kisicho na uso wa kueleweka, na hatua ya 6 ina ubao mtupu uliobandikwa utepe.

Hatua ya 4 ndiyo moyo wa kazi na, kwa maoni yangu, sehemu bora kuliko zote. Vipande vifupi vya dakika mbili au tatu vinatoweka. Badala yake kuna vipande vinne tu, kila kimoja cha dakika ishirini na zaidi, na vitatu kati yake vina jina moja, "Post awareness confusions". Nyimbo hazijafa, ila zote zinacheza kwa wakati mmoja. Tarumbeta inajitokeza kwa sekunde mbili, inamezwa na piano inayorudi nyuma, kisha mvumo unafunika vyote, na sikio linahangaika kushika lolote ambalo lilikuwa linalijua saa moja iliyopita. Ni hapa Kirby anaposema jambo ambalo sijalisikia likisemwa vizuri hivi na mwanamuziki mwingine, kwamba kusahau hakuji kama ukimya. Kunakuja kama makelele, vitu vingi mno vikidai nafasi moja. Kati ya vipande hivyo upo kimoja kiitwacho "Temporary bliss state", chenye milio laini inayometameta isiyo na wimbo, na ni cha kutisha kwa sababu kinapendeza na huwezi kueleza kwa nini.

Baada ya hapo shukrani zangu zinapungua. Hatua ya 5 inaendeleza vurugu ileile kwa majina yaliyochukuliwa kutoka katika tiba, kama "Advanced plaque entanglements", yanayokumbusha chembe za protini zinazoganda katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya dimentia. Ina dakika zake, hasa pale sauti ya mtangazaji wa santuri inapopenya ghafla kutangaza kuwa kinachofuata ni mandolini, nawe unastuka kuwa binadamu amezungumza. Lakini kwa sehemu kubwa inarudia somo ambalo hatua ya 4 imeshalifundisha. Hatua ya 6 ni mvumo mzito wa karibu saa moja na nusu, na nusu yake ingetosha. Kisha, dakika chache kabla ya mwisho, inasikika kwaya safi kutoka katika santuri ya zamani, na baada yake dakika moja ya ukimya. Wasikilizaji wengi husema walilia hapo. Mimi nilihisi mkono wa mtunzi ukinisukuma, jambo ambalo kwa saa tano zilizotangulia alikuwa amejizuia kulifanya.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linahusu ugonjwa wenyewe. Watafiti wa ubongo wameonyesha, kwa mfano katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwamba maeneo yanayohusika na kumbukumbu ya muziki wa siku nyingi ni miongoni mwa yanayoathirika kidogo na kwa kuchelewa katika Alzheimer, ilhali hipokampasi, inayosajili mambo mapya, huathirika mapema. Ndiyo maana mzee asiyemtambua mjukuu wake anaweza kuimba wimbo wa harusi yake beti kwa beti. Kirby anajua hayo, kwa kuwa albamu yake ya mwaka 2011, "An Empty Bliss Beyond This World", ilichochewa na utafiti kuhusu wagonjwa wa Alzheimer na muziki wanaoukumbuka. Hapa, hata hivyo, amegeuza mpangilio: muziki ndio unaooza mbele yetu, na unaoza kwa mteremko ulionyooka, bila siku nzuri wala siku mbaya. Kama sitiari, inafanya kazi. Kama maelezo ya ugonjwa, na ndivyo vijana wengi walivyoipokea mwaka 2020 changamoto ya kuisikiliza yote kwa mkupuo ilipoenea TikTok, inapotosha kidogo.

Inapotosha pia kwa upweke wake. Katika saa sita na nusu hakuna mtu wa pili. Mzee anayeuliza mara ya kumi kama mwanawe amerudi kutoka kazini mara nyingi hajakaa peke yake. Yupo binti au mke aliyejibu mara zote kumi, akaficha funguo za mlango na akakumbuka dawa za jioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimentia na kwamba zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako kazi hiyo ya kujibu hufanywa nyumbani na jamaa. Simlaumu Kirby kwa kutotunga kazi nyingine, ila anayeuguza mgonjwa asitarajie kujiona humu.

Kuhusu ununuzi, kazi yote inapatikana Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, zimetolewa pia santuri na CD, na Kirby mwenyewe ameiweka nzima YouTube bila malipo. Kwa anayetumia bando, ushauri wangu ni kupakua mara moja penye waifai badala ya kusikiliza mtandaoni. Faili linapobanwa sana, mikwaruzo na mivumo ndiyo inayoharibika kwanza, na katika kazi hii hiyo ndiyo nusu ya bidhaa. Spika ya simu haifai kabisa kuanzia hatua ya 4, kwa sababu mngurumo wa chini hautasikika na utabaki na fukuto la kelele nyembamba. Visikizi vya kawaida vya kufunika sikio vinatosha. Sioni sababu ya kuisikiliza kwa mkupuo. Ilitolewa kwa miaka miwili na nusu, na hatua moja kwa jioni inaipa nafasi ya kukaa akilini hadi ya pili ianze kuiharibu.

Asiyekuwa na subira hiyo, au mwenye mgonjwa ndani ya nyumba na hataki kutishwa zaidi, aanze na "An Empty Bliss Beyond This World". Ina urefu wa dakika arobaini na tano hivi, imetokana na santuri Kirby alizozinunua Brooklyn, na jina moja, "Mental caverns without sunshine", linatokea mara mbili katika orodha yake kana kwamba aliyeiandaa amesahau kuwa amekwisha kuliandika. Hakuna hatua, hakuna mteremko, na nyimbo hukatizwa katikati bila kelele. Kama ningelazimika kulipia moja tu kati ya hizi mbili, ningelipia hiyo, na kutoka katika ile kubwa ningechukua hatua ya 4 peke yake.