Kutuma faili kubwa kwa siri: huduma nilizobaki nazo

Kazi yangu ni kuhariri sauti. Napokea mahojiano marefu, nayasafisha, kisha namrudishia mwenyewe. Humo ndani watu wanaongea juu ya ndoa zao, maradhi yao, ugomvi wa mirathi, na walikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba maneno yao hayatamfikia asiyehusika. Barua pepe haibebi mzigo huo: Gmail inaishia megabaiti 25, wakati saa moja ya sauti yenye ubora wa CD inapita megabaiti 600. Ndiyo maana kwenye huduma za kutuma faili nimekuwa mkali, na nyingi nimezijaribu nikaziacha.

Swali ninaloanza nalo ni moja: ufunguo anao nani? Karibu kila kampuni inaandika kwamba faili zako zimesimbwa, yaani zimegeuzwa fumbo lisilofunguka bila ufunguo, na mara nyingi ni kweli. Ila zimesimbwa zikiwa njiani na zikiwa zimelala kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni, huku ufunguo wakiwa nao wao. Dropbox, Google Drive na OneDrive kwa mtumiaji wa kawaida ziko hivyo. Mfanyakazi mwenye ruhusa anaweza kufungua, mdukuzi aliyefika ndani kabisa anaweza kufungua, na kosa dogo la programu linaweza kumfungulia yeyote. Juni 2011 Dropbox ilikaa takriban saa nne ambapo akaunti ziliweza kuingiwa kwa nywila yoyote ile. Walirekebisha, na siwasemi kwa ubaya. Lakini kama faili ingekuwa imefungwa kwenye kompyuta yangu kabla haijaondoka, kosa la namna hiyo lisingemfikisha mtu kwenye yaliyomo.

Vivyo hivyo kwa masharti. Julai 2025 WeTransfer, huduma nyingine ya kutuma faili, waliandika masharti mapya yaliyotaja kuboresha mifumo ya kujifunza kwa mashine, watumiaji wakalalamika sana, kampuni ikaeleza kwamba haitumii faili za wateja kufundishia akili mnemba, na maneno yale yakaondolewa. Mimi sitaki usiri wa watu walioniamini utegemee sentensi inayoweza kubadilishwa wakati wowote. Nataka hata wakitaka kusoma, wasiweze.

Kwa hiyo kazi nyingi nazipitisha Proton Drive, huduma ya kampuni ya Uswisi inayojulikana zaidi kwa barua pepe zake. Faili inasimbwa kwenye kifaa changu, pamoja na jina lake. Naweza kuwekea kiungo nywila, nikakipa siku ya kuisha muda, na nikakikata nikitaka. Anayepokea halazimiki kufungua akaunti, na hilo ni kubwa, maana wateja wangu wengi ukiwaambia wajisajili mahali wanaacha.

Kiangalie kiungo chenyewe. Mwishoni kina alama ya reli (#), halafu mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Kivinjari hakipeleki kwa seva chochote kilicho baada ya alama hiyo, kinabaki nacho chenyewe kwa ajili ya kufungulia faili. Kampuni inahifadhi faili bila kuwa na kipande kile. Mtu akinakili kiungo nusu, hakifunguki. Na kwa kuwa mwenye kiungo kizima ana karibu kila kitu, nywila siiachi kamwe, tena naipeleka kwa njia nyingine: kiungo kwa barua pepe, nywila kwa simu.

Kuna jaribio ninalofanya kwa kila huduma mpya kabla sijaiamini. Natuma faili isiyo na maana, nafungua kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, nikiwa sijaingia kwenye akaunti yoyote, na natazama ukurasa unaonyesha nini kabla ya nywila. Huduma moja, ambayo sitaitaja, iliniandikia jina la faili kwa herufi kubwa, ukubwa wake na barua pepe yangu, ndipo ikaomba nywila. Katika kazi kama yangu, jina la faili mara nyingi ni jina la mtu. Sikuendelea nayo.

Proton nayo ina kero zake. Kwenye kivinjari upakiaji unakwenda polepole, na ukifunga kichupo umekatiza kazi. Ukisahau nywila ya akaunti na hukuhifadhi yale maneno 12 ya kurejeshea, unaweza kuibadilisha nywila na kuingia, lakini faili za zamani zikabaki zimefungwa. Huo ndio upande wa pili wa kushika ufunguo mwenyewe, na naukubali. Pia usidhani usimbaji unaficha kila kitu: mwaka 2021 kampuni hiyo, kwa amri ya kisheria ya Uswisi, ilitoa anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa mtu mtandaoni) ya mwanaharakati wa Ufaransa aliyetumia barua pepe yake. Yaliyomo ndani ya barua hayakutolewa. Kulinda yaliyomo na kumficha aliyetuma ni kazi mbili tofauti.

Mzigo ukiwa mkubwa sana na mtandao ukiwa wa kukatika, nahamia MEGA, huduma nyingine ya kuhifadhi na kutuma faili. Programu yake ya kompyuta inaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya, na nafasi ya bure ni gigabaiti 20. Nako faili zinasimbwa kabla ya kuondoka. Lakini mwaka 2022 watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walionyesha udhaifu katika usimbaji wake, na kampuni ikatoa marekebisho. Kwa sababu hiyo, chochote nyeti nakifunga kwanza kwa Cryptomator, programu huria inayotengeneza kabati lililofungwa ndani ya folda. MEGA wanapokea kabati tu.

Kwa rekodi chache ambazo sitaki zikae kwenye seva ya mtu hata saa moja, ipo OnionShare. Faili inabaki kwenye kompyuta yangu, na mpokeaji anaivuta moja kwa moja kupitia Tor Browser, kivinjari cha mtandao wa Tor unaoficha nani anawasiliana na nani. Ni salama kuliko zote hapa, na ndiyo inayochosha kuliko zote: kompyuta lazima ibaki imewashwa hadi amalize, na mpokeaji asiyeijua Tor unamwelekeza hatua kwa hatua. Naitumia pale tu inapobidi.

Jambo moja zaidi, kwa anayetafuta huduma ya kuaminika na siyo ya siri tu. Megaupload, huduma ya kuhifadhi faili, ilifungwa na serikali ya Marekani Januari 2012, na watu waliokuwa na faili zao halali humo wakakosa pa kuzipata. Firefox Send, iliyokuwa ya bure na yenye usimbaji mzuri, ilisimamishwa 2020 baada ya wahalifu kuitumia kusambaza programu hasidi. Huduma hizi zote ni njia za kupitishia, siyo ghala. Rekodi asili nazitunza kwenye diski mbili zangu, na mteja akinithibitishia kwamba faili imefunguka kwake na inasikika hadi mwisho, siku hiyohiyo nakata kiungo na kuifuta kule juu.