Maua ya Unguja: uanze baada ya masika au wakati wa vuli?

Anayetaka kuyajua maua ya Unguja ana nyakati mbili nzuri za kuanzia.

Juni, masika yakishapita, ni zamu ya mimea midogo. Mayungiyungi yamo madimbwini, na mlakasa unatambaa mchangani na maua yake ya zambarau. Kwa mlakasa toka asubuhi, kwani mchana maua yake huwa yameshanywea.

Novemba na Desemba, macho juu. Mkakaya, mti wenye asili ya Madagaska, huwaka wekundu hata majani yasionekane. Okota ua moja ulitazame: petali nne ni nyekundu tupu, ya tano ina weupe na michirizi. Na mbuyu! Ua lake jeupe huning'inia kwa kikonyo kirefu na kufunguka jioni. Popo hulijia usiku, na kesho yake limenyauka. Ukienda mchana utaokota yaliyoanguka tu.

Mimi ningemwambia mgeni aanze na vuli. Miti haihitaji kutafutwa, na mzee yeyote wa shamba atakutajia majina yake. Karafuu usiisubiri ichanue: huchumwa ingali tumba lililofumba.