TAHADHARI: "Servisi ya bure" ya wauza oili wa kuzunguka Nakuru inaharibu sampu za magari

Wenye magari wa Nakuru, Njoro, Molo na viunga vyake, hasa nyinyi wa Probox na Honda Fit, tafadhali someni hili kabla ya kumpa mtu yeyote gari akubadilishie oili.

Kuna vijana wanaozunguka na pikapu wakiuza oili kwenye maegesho na kando ya barabara. Wateja wangu wamekutana nao upande wa Pipeline, Free Area, na njia ya kwenda Njoro. Oili yao wanaiuza kwa bei ya kawaida, na ukiichukua kwao wanakubadilishia hapo hapo bila kukutoza kazi. Pesa yenyewe wanaitafuta kwenye ile nati ndogo ya kumwagia oili iliyo chini ya sampu, yaani lile bakuli la oili chini ya injini.

Mimi ni fundi hapa mjini. Magari yaliyopita mikononi mwao ndiyo yanaletwa kwangu yakivuja, na maelezo ya wenyewe yanafanana kiasi kwamba siwezi tena kusema ni bahati mbaya. Mmoja analala chini ya gari, anafungua nati, oili inamwagika kwenye karai. Kidogo anatoka ameshika nati kwenye kitambaa, uso umemshuka: "Mzee, angalia, uzi umekwisha. Ukirudisha hii utamwaga oili yote njiani." Kweli nati anayokuonyesha nyuzi zake, ile mikato ya kuzunguka inayoishika kwenye tundu, zimelika. Hapo gari halina oili, huwezi kuliwasha, na unaambiwa uchague: sampu nyingine, ambayo bei yake inakutisha, au nati yao "maalum" ambayo wanayo kwenye pikapu. Mwalimu mmoja wa Njoro alitozwa shilingi 3,500 kwa nati hiyo. Nati ya kawaida ya Toyota dukani ni shilingi mia chache tu.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo linalowaumbua. Oili hubadilishwa injini ikiwa na joto ili itoke yote. Kwa hiyo nati iliyofunguliwa sasa hivi lazima iwe na joto na inachuruzika oili nyeusi. Mwalimu huyo ananiambia aliyopewa mkononi ilikuwa baridi, kavu, na ina vumbi kwenye nyuzi. Haikuwa ya gari lake. Ya kwake, iliyo nzima, ilibaki kwenye mfuko wa ovaroli, na ile mbovu wanatembea nayo kuwaonyesha watu. Ukiambiwa nati imekufa, iguse. Kisha chukua spana ujaribu kichwa chake: ya Probox ni spana 14, ya Honda Fit ni 17. Ukiona kichwa hakilingani na gari lako, mazungumzo yameisha.

Hasara ya pili inakuja nyuma ya ile ya pesa, na ni kubwa zaidi. Nati wanayokuuzia ni ile inayojikatia uzi yenyewe. Ni nene kuliko tundu, ncha yake imechongoka na ina mifereji, na wanaisukuma kwa spana iliyochomekwa bomba refu. Sampu ya Probox chini ni ya bati, na nyuzi zake ziko kwenye kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye bati hilo, kwa hiyo hustahimili kiasi. Sampu ya Honda Fit ni alumini na nyuzi zimekatwa kwenye alumini yenyewe. Ukiingiza chuma kinene humo, nyuzi nzima za kiwandani zinachanwa. Kuna Fit niliyofungua, ile nati ikatoka imejiviringisha utepe wa alumini unaong'aa, mwembamba kama unyoya, na vipande vingine nikavikuta vimelala ndani ya sampu karibu na chujio la pampu ya oili. Tundu lenyewe lilikuwa limepasuka ukingoni.

Nati hiyo ikikaa vibaya huanza kwa tone moja usiku kwenye sakafu. Halafu unapanda Mau Summit ukiwa na abiria, oili inashuka, na taa nyekundu ya oili ikiwaka umechelewa: presha imekwisha, beringi zinasagana bila oili, injini inaanza kugonga. Probox huchukua lita 3.7 tu ukibadilisha na filta. Hazichukui muda kuisha barabarani.

Nawaomba pia mjue kazi hii inavyofanywa vizuri, ili mtu asiwadanganye mkiwa mmesimama hapo. Tundu na nati vinapanguswa kwanza. Nati inaingizwa kwa vidole, mizunguko kadhaa bila spana kabisa. Ikigoma inatolewa na kuanzwa upya, kwa sababu imeingia kombo. Ile washa, pete ya kuziba inayokaa chini ya kichwa cha nati, iwe mpya kila mara. Ile washa laini hubanwa mara moja ikajaza nafasi, ukiirudia haizibi tena, ndipo fundi anakaza kupita kiasi ili kuzuia uvujaji na nyuzi zinakufa. Kipimo cha Toyota cha kukaza nati hiyo kwa injini ya Probox ni niutoni-mita 38, na Honda ni 39. Kwa spana fupi huo ni mvuto wa mkono mmoja, bila kuning'inia na bila bomba. Ukiona mtu anarudisha nati kwa mashine ya upepo, msimamishe. Ukiona anapaka silikoni kwenye nyuzi, jua anaficha kitu, na silikoni ikimeguka ndani inaenda kuziba chujio.

Nyuzi zikiwa zimekufa kweli, maana hutokea kwa gari kuukuu, dawa ipo. Tundu linatobolewa kidogo, linakatwa uzi mpya, kisha inawekwa helikoili, yaani koili ya chuma inayokuwa nyuzi mpya za tundu, na unaendelea kutumia nati ya saizi yako ileile. Ikishindikana, sampu hufunguliwa na kubadilishwa. Kazi hizo hazifanywi kando ya barabara kwa dakika kumi.

Mkikutana nao, piga picha ya namba ya pikapu kabla kazi haijaanza, na kaa pale wakati nati inatolewa. Hawa watu husisitiza walipwe taslimu. Kataa. Lipa kwa M-Pesa ili jina la mpokeaji libaki kwenye ujumbe, na udai nati yako ya zamani. Aliyeibiwa aende kituo cha polisi aandikishe na achukue namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha na kulipwa fidia akipata hasara. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Ila bila jina wala namba ya gari hutakuwa na mtu wa kumshtaki.

Na wewe ambaye tayari umewekewa nati hiyo: usiifungue, wala usimruhusu mtu aikaze zaidi. Weka kadibodi chini ya sampu usiku na upime oili kwa kijiti kila asubuhi injini ikiwa baridi. Ikiwa haivuji, iache mpaka servisi ijayo, na uende kwa fundi mwenye helikoili za saizi yako au sampu mkononi. Ikiwa servisi imefika na vifaa havijapatikana, oili kuukuu inaweza kuvutwa kwa pampu kupitia tundu la kijiti bila kugusa nati kabisa. Ikiwa inavuja, usiendeshe hadi Molo wala Njoro. Mwite fundi aje lilipo gari, au livutwe.