Taa ya UVB ya tyubu ya T5 kwa mjusi aliyetelekezwa: uzoefu wangu

Bidhaa ninayoieleza hapa ni taa ya tyubu nyembamba ya aina ya T5, ya wati 39, yenye maandishi ya asilimia 12 ya UVB (mionzi isiyoonekana, kama ile iliyomo katika jua), ambayo katika maduka ya wafugaji wa wanyama watambaao hapa Uingereza huuzwa pamoja na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) na bati la kuakisi mwanga, kwa bei ya pauni sabini na kitu. Niliinunua kwa ajili ya mjusi mmoja wa aina ya Pogona vitticeps, mkaaji wa nyika kavu za katikati ya Australia, mwenye miiba chini ya kidevu na koo linalovimba na kuwa jeusi anapoghadhibika, ambaye aliletwa kwangu akiwa hawezi hata kuinua tumbo lake kutoka sakafuni. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa wapo watengenezaji kadhaa ambao taa zao za namna hii zinakaribiana kwa ubora, na malalamiko machache niliyo nayo yanahusu bidhaa za aina hii kwa jumla. Hukumu yangu naitoa mapema: kati ya vyote nilivyomnunulia mnyama huyu, taa hii ndiyo iliyomrudishia mifupa yake, ila haimfai mtu atakayeifunga popote panapomjia akilini na kuridhika kwamba inawaka.

Shaibu, kama tulivyomwita nyumbani, alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Waliokuwa wakimfuga walikuwa wanahama, na kijana wao aliyemtaka alikuwa amekwisha kumchoka zamani. Alikuja na tangi lake la kioo, mchanga uliojaa kinyesi kikavu, balbu nyekundu iliyowaka usiku na mchana, na balbu fupi iliyosokotwa, mfano wa zile za kubana matumizi ya umeme, iliyolazwa juu ya wavu wa chuma wenye matundu madogo sana, ambayo hakuna aliyekumbuka ilinunuliwa lini. Kwenye mizani ya jikoni alikuwa na gramu 212, ilhali mjusi mzima wa urefu wake hutarajiwa kupita 350. Taya la chini lilibonyea kidogo lilipoguswa kwa kidole, vidole vya mikono vilitetemeka alipojaribu kutembea, na ngozi kuukuu ilikuwa imekaza kwenye ncha za vidole vya miguu kiasi cha kuzuia damu. Mapaja yalionekana manene, na mtu asiyejua angeweza kudhani ameshiba. Kumbe ni uvimbe wa nyama ngumu ambao mwili huujenga kuzunguka mfupa uliolainika.

Daktari wa wanyama aliyempokea (si kila kliniki hapa inapokea mijusi, na inafaa kupiga simu kwanza) alimpiga picha ya eksirei, na mifupa ilionekana kwa shida, hafifu karibu sawa na nyama iliyoizunguka. Ugonjwa huu wa kulainika kwa mifupa ni ndugu wa matege ya watoto na chanzo chake ni kilekile. Mionzi ya urujuanimno ya aina ya UVB, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 290 hadi 315 hivi, huibadili aina fulani ya lehemu iliyomo ndani ya ngozi, kisha joto la mwili huimalizia kuwa vitamini D3, na baada ya ini na figo kuikamilisha ndipo utumbo unapoweza kufyonza vyema kalsiamu iliyomo katika chakula. Mnyama akiikosa mionzi hiyo, kalsiamu hupungua katika damu, na kwa kuwa moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila madini hayo, mwili huanza kuyachota kwenye mifupa. Taya hulainika, mgongo hupinda, na mwishowe misuli hutetemeka kwa sababu hata akiba ya mifupa haitoshi tena.

Wapo wanaosema kwamba unga wenye vitamini D3, ukinyunyiziwa juu ya wadudu, unatosha na taa ni anasa. Sikubaliani nao, na si kwa mapenzi yangu tu. Utafiti wa Oonincx na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010 na kufanywa kwa wadogo wa aina hii hii ya mjusi, ulionyesha kwamba waliowekewa mwanga wa UVB walikuwa na vitamini hiyo katika damu kwa kiwango kikubwa mara nyingi kuliko waliopewa kwa mdomo. Zaidi ya hayo, ya mdomoni inaweza kuzidi na kudhuru, wakati ile inayotengenezwa na ngozi hujidhibiti, kwani mwanga ukizidi, ngozi huigeuza ziada kuwa vitu visivyo na kazi, na mjusi mwenyewe akitosheka huondoka akaenda kivulini.

Sisemi kwamba taa peke yake ingetosha. Mwanzoni daktari ndiye aliyemshika, kwa maji ya sindano chini ya ngozi, dawa ya maji ya kalsiamu niliyomdondoshea mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na ncha, na matibabu ya minyoo iliyoonekana katika kinyesi chake. Alinionya pia nisimlishe kabla hajapata joto, maana mjusi hana joto lake mwenyewe na chakula kikiingia tumboni penye baridi huoza badala ya kumeng'enywa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kumwekea jiwe la kuotea joto lenye nyuzi 40 za Selsiasi chini ya balbu nyeupe, upande wa pili wa kizimba ukibaki kwenye nyuzi 25 au 26, na kuiondoa ile balbu nyekundu ili usiku uwe giza. Mchanga niliutupa na kutandika magazeti, ambayo hayana umaridadi wowote lakini hayamezwi wala hayafichi uchafu.

Tukirudi kwenye taa yenyewe, jambo la kwanza lililonipendeza ni urefu wake. Balbu ile ya zamani ilimulika doa moja tu, na mjusi akisogea kidogo alikuwa nje ya mwanga. Tyubu hii hufunika zaidi ya nusu ya kizimba, hivyo mnyama ana mahali penye mwanga mkali, mahali penye mwanga wa wastani na mahali penye kivuli, na huchagua mwenyewe. Niliifunga kwa ndani, chini ya dari ya kizimba cha mbao, sambamba na balbu ya joto, ili joto na mionzi vimwangukie mahali pamoja, kwani hatua zote mbili za kutengeneza vitamini zinahitajika kwa wakati uleule. Kwanza nilikuwa nimeijaribu juu ya wavu, kwa kuazima kipimo cha Solarmeter 6.5, ambacho husoma nguvu ya mionzi kwa kizio kilekile cha UVI kinachotumiwa katika taarifa za hali ya hewa: juu ya wavu, usomaji mgongoni kwake ulikuwa 2.3, ndani, kwa umbali wa sentimita 35 hivi, ukapanda hadi 4.2. Kwa mjusi anayetoka katika jua kali la Australia, 3 hadi 5 mahali pa kuotea joto ndicho kiwango ambacho wafugaji makini hukilenga. Balbu ya zamani nayo niliipima kwa udadisi tu, nayo ikasoma sifuri ingawa ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Hapo ndipo lilipo tatizo la bidhaa za aina hii. Mwanga wa UVB hauonekani, na taa inaweza kuendelea kung'aa kwa miaka baada ya kuacha kutoa kile ilichonunuliwa kwa ajili yake. Karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya boksi ilisema ibadilishwe baada ya miezi 12, kwa herufi ndogo, chini kabisa, baada ya maonyo ya umeme. Hiyo asilimia 12 nayo huwapotosha wanunuzi, kwa kuwa hueleza sehemu tu ya mwanga iliyo UVB, wala haisemi ni mwanga kiasi gani unaotoka. Tyubu ya zamani ya T8, iliyo nene zaidi, yenye namba hiyo hiyo ni dhaifu kuliko hii. Vishikio vya plastiki vya kuifungia ni vyembamba, nami nilivibadilisha kwa vya chuma, kwani taa ikidondoka juu ya jiwe la joto haiharibiki peke yake. Pia haina taima, na ile ya kuchomeka kwenye plagi inabidi inunuliwe pembeni ili iwake na kuzima saa zilezile kila siku. Umeme si mzigo: kwa saa 12 hula karibu nusu uniti.

Chakula nilikuwa na wepesi nacho kuliko majirani zangu Waingereza, maana sukuma wiki iko kwenye kila orodha ya majani yanayomfaa mjusi huyu, pamoja na majani ya haradali na boga lililokunwa. Spinachi niliiacha, kwa kuwa ina asidi inayoshika kalsiamu isifyonzwe, na parachichi ni sumu kwake. Mama yangu aliyeko Tanga alipomwona kwenye simu aliuliza, "Mwanangu, mjusi kafiri mkubwa hivyo unamlisha mboga ya nini?" Nikamwambia, "Huyu siye yule wa ukutani, mama, na ni mgonjwa." Hakuridhika, ila baada ya hapo hakuacha kuniulizia hali yake.

Tetemeko la vidole lilikuwa la kwanza kwisha, na hilo nadhani ni kazi ya dawa ya daktari zaidi ya taa. Taya kukaza kulichukua miezi, na ndipo alipoanza kuwatafuna nyenje badala ya kuwasubiri waingizwe mdomoni. Eksirei ya pili ilionyesha mifupa iliyokolea kiasi kwamba hata mimi nisiye mtaalamu niliweza kuitofautisha na nyama. Sasa ana gramu 390. Mkunjo ulio karibu na mkia haukunyooka, na daktari alisema hautanyooka, kwa sababu mfupa uliopona ukiwa umepinda hubaki hivyo. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatika ncha kutokana na ile ngozi iliyokaza.

Wapo watakaouliza kwa nini nisimtoe nje akaota jua la bure. Niko Manchester. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la nchi hii haliwapi hata binadamu UVB ya kutosha, ndiyo maana serikali huwashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika majira hayo, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tufikirie kuimeza mwaka mzima. Dirishani nako hakusaidii, kwa kuwa kioo huizuia karibu UVB yote. Kwa mfugaji wa Mombasa au Dar es Salaam hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Baada ya mwaka nilikiazima tena kipimo, na usomaji mahali palepale ulikuwa umeshuka kwa karibu robo, jambo ambalo kwa mjusi mzima na mwenye afya lingevumilika kwa muda. Kwa huyu sikutaka kubahatisha, nikanunua tyubu mpya peke yake kwa bei isiyofika nusu ya seti nzima, balasti ikiwa ileile. Ile ya zamani haifai kutupwa kwenye pipa la nyumbani kwa sababu ina zebaki ndani. Huku hupokelewa bila malipo katika vituo vya halmashauri vya taka za umeme.