Ngomeni Mombasa: nilifuata mzinga uliotoka kwetu Rufiji

Nimezaliwa Rufiji. Kwetu mtoto anakua akisikia habari za manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko ikafia mtoni. Jina lake Königsberg. Nilipojua kwamba mmoja wa mizinga yake uko Mombasa, nje ya ngome ya Fort Jesus, nilikata tiketi ya basi kutoka Dar, nikavuka mpaka pale Horohoro, nikafika usiku. Asubuhi nikamwambia dereva wa tuktuk anipeleke Fort Jesus. "Ngomeni?" akaniuliza. Wenyeji ndivyo wanavyopaita.

Mizinga iko nje, hata tiketi hujakata. Niliona watu wakiipita mbio kwenda kupiga picha langoni. Naomba wewe usiipite. Ipo miwili: wa Königsberg, na wa Pegasus, manowari ya Waingereza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, Königsberg ikaivamia na kuipiga mpaka ikazama. Kisha ikarudi Rufiji, Waingereza wakaifungia humo miezi na miezi. Meli zao kubwa hazikuweza kuifuata kwenye delta, maji ni haba. Ikabidi waletewe manowari mbili zinazoelea kwenye maji machache, Severn na Mersey, huku ndege zikiruka kutoka Mafia kuwaonyesha makombora yanaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 nahodha Max Looff akaamuru meli yake mwenyewe izamishwe.

Mizinga yake 10 haikubaki majini. Iliopolewa, ikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu, ikaenda kupigana bara. Walioiburuta ni Waafrika, kwa kamba na mabega. Niliweka kiganja juu ya chuma kile nikasimama muda mrefu kidogo, nikiwawaza hao. Mahasimu wawili wa mwaka 1914 sasa wamewekwa uwanja mmoja.

Nilipoingia ndani ilikuwa saa sita mchana, na hilo ni kosa langu. Jua linapiga kwenye matumbawe, kivuli hakuna, na maji nilikuwa nimeyaacha hotelini. Nendeni asubuhi, mvae viatu visivyoteleza.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 na Wareno, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba mlangoni mwa bandari ya zamani. Panda kwenye buruji la upande wa bahari utaelewa kwa nini walipachagua: chombo chochote kinachoingia mkondo ule lazima kipite chini ya macho yako. Mtembezaji wangu, mzee wa Mji wa Kale mwenye sauti ya taratibu, alinionyesha njia iliyochongwa kwenye mwamba kushuka upande wa maji. "Mwanangu, hapa chakula kikija kwa bahari," akasema, "na bahari ikifungwa, ni njaa." Ndivyo ilivyokuwa. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwamo kuliko risasi.

Katika mzingiro huo ndipo Wareno walipoleta merikebu Santo António de Tanna kutoka Goa, koloni lao huko India, kuja kuwaokoa wenzao. Ilizama mwaka 1697, mbele ya ngome yenyewe. Wazamiaji waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu walivyoibua vinaonyeshwa humo ndani. Hapo nilikaa kuliko popote. Chombo cha kawaida cha baharia, kilichokaa mchangani chini ya bahari karibu miaka 300, halafu unatoka nje hatua chache unayaona maji yale yale.

Kitu kingine ni michoro ya ukutani. Wanajeshi na mabaharia wa Kireno walichora merikebu kwa mkaa na rangi nyekundu, na matanga bado yanaonekana. Aliyechora alijua kila kamba inafungwa wapi.

Kuhusu Mazrui, ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, na miaka ile ngome ilipokuwa jela ya Waingereza hadi 1958, mtembezaji atakueleza. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye meli. Mchukueni mtembezaji, kwa kweli, na mkubaliane bei mapema. Tengeni muda wa saa tatu.

Jioni nilikodi mashua Mji wa Kale nikaizunguka ngome kwa majini. Ukiwa chini, kuta zile zinaota moja kwa moja kutoka kwenye mwamba, huoni mwamba umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Nahodha alizima mashine tukaelea pale. Nikampigia baba mdogo Rufiji kwa simu ya video, nikamwonyesha ngome, kisha picha ya mzinga niliyoipiga asubuhi. Alinyamaza, akaniambia niisogeze karibu zaidi.