Kliniki ya moyo ya watoto Bugando: uzoefu wangu na mshipa uliobanwa

Naandika kwa mzazi ambaye mtoto wake analalamika kichwa kila mara na vipimo vya malaria havionyeshi kitu. Binti yangu, yuko darasa la tano, alikuwa hivyo hivyo. Alitokwa damu puani, na tukipanda kilima kurudi kwetu Mabatini alisimama njiani akisema miguu inamuuma. Vituo tulivyopita vilitupa dawa za maumivu. Presha hakupimwa hata mara moja, maana wengi wanaamini presha ni ya watu wazima.

Bugando, hospitali ya rufaa hapa Mwanza, mambo yalikuwa tofauti. Muuguzi alichukua mkanda mdogo unaoenea mkono wa mtoto, akapima, kisha akamlaza na kumfunga mkanda mguuni. Kwa kawaida presha ya mguu hulingana na ya mkono au huizidi kidogo. Yake mkononi ilikuwa 152, mguuni 96. Daktari akambonyeza kinenani kutafuta mapigo, akayapata kwa shida. "Mama, damu ya kwenda chini haipiti vizuri," akaniambia. Hapo hatujagusa mashine yoyote! Kwa hili peke yake nawapa alama zote, kwa sababu ni mkanda na vidole tu, na zahanati yoyote ingeweza.

Eko ya kifua, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, haiumi, ni mafuta baridi na kulala kimya. Ilionyesha aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, imebanwa baada tu ya pale unapochipuka mshipa wa mkono wa kushoto. Wapo watoto wachache zaidi ambao mbano huwa chini tumboni, karibu na mishipa ya figo, na eko ya kifua inaweza isiuone. Ndiyo maana tuliagizwa CT, picha ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kwa kina, ya kifua na tumbo. Kituo kimoja tulikopigiwa picha hakikutuambia mapema kwamba mtoto asile, naye alikuwa amekula, tukarudishwa nyumbani. Ulizeni kabla hamjatoka nyumbani.

Nilimuuliza daktari kwa nini presha inapanda. Alinieleza kwamba figo zikipata damu kidogo hudhani mwili umepungukiwa, hivyo huachia kemikali za kupandisha presha, na moyo unazidi kusukuma hadi ukuta wake unanenepa. Nilielewa vizuri kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa hospitalini.

Kwa matibabu tulipewa rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam. Basi la kutoka Nyegezi linachosha mtoto mgonjwa, na gharama ni nzito. Waoneni mapema watu wa ustawi wa jamii. Kifua hakikupasuliwa. Walipitisha mrija kinenani, wakatanua mbano kwa puto na kuacha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia mshipa wazi, ambayo inaweza kutanuliwa tena akikua. Watoto wachanga mara nyingi hufanyiwa upasuaji, sehemu iliyobanwa ikakatwa na ncha zikaunganishwa.

Dawa ya presha bado anakunywa, na kliniki haikwepeki, kwani mshipa unaweza kubana tena. Kila tukienda namkumbusha muuguzi apime mkono wa kulia. Mshipa wa mkono wa kushoto wakati mwingine huanzia karibu sana na mbano, na namba yake ikawa ndogo kuliko presha halisi. Hawakasiriki ukiwaambia.