Kulipa nilikuwa mgeni, kunywa nikawa mwenyeji

Nyota moja kwa matembezi ya kuonja vinywaji vya asili huko Malindi. Kungekuwa na nusu ningeweka nusu.

Naanza na mrija, kwa sababu kila nikiikumbuka Malindi siku hizi naukumbuka mrija kabla ya bahari, kabla ya dada yangu, kabla hata ya mnazi wenyewe, namaanisha tembo, pombe ya mnazi. Mrija, jamani. Kijiti chenye uwazi ndani, ncha ya chini imezungushiwa nyuzi za kuchujia ili usije ukavuta nyuki au vipande vya makumbi ukameza. Kitu cha kutengeneza jioni moja umekaa kibarazani. Na kitu hicho nimenyimwa na kijana mwongozaji niliyemhesabia shilingi elfu tatu za Kenya mkononi, mbele ya watu.

Mimi ni mtu wa Mkinga, Tanga. Huko kwetu mnazi si utalii. Nilikwenda Malindi kumwona dada yangu aliyeolewa kule, mwezi uliopita au ule wa nyuma yake, mvua zilikuwa bado. Horohoro, Lunga Lunga, kivuko cha Likoni, halafu zile kilomita mia na ushee kutoka Mombasa ambazo matatu yetu ilizigeuza kuwa mia tano. Siku ya tatu nikachoka kukaa ndani. Kwenye simu nikaona tangazo: matembezi ya kuonja vinywaji vya asili vya Pwani, vinywaji vinne, pamoja na mwongozaji na mgema mwenyewe juu ya mti. Shemeji yangu hagusi kileo na wala hakujifanya amefurahi, lakini ni muungwana, akanisindikiza mpaka tuktuk zinaposimama. "Shemeji, rudi kabla ya isha," akasema, akaenda zake msikitini. Wanaotaka kunihubiria wajue nimeshahubiriwa.

Malipo kwanza. Kijana akaniomba kitambulisho. Nikampa, akakigeuza huku na huku kama noti anayoishuku. "Aa, Tanzania. Basi wewe ni bei ya wageni." Mkenya alikuwa analipa elfu moja na mia tano. Sikubisha. Nyumba ya watu ina masharti ya wenyewe, nami niko likizo, nikalipa. Likumbukeni neno hilo: mgeni.

Tuliambiwa saa nane, tukaondoka karibu saa kumi. Mjerumani mmoja alipouliza, kijana akasema tumechelewa kwa ajili ya sheria, eti Kenya pombe haiuzwi mchana. Ilikuwa Jumamosi! Sheria ile ya mwaka 2010, waliyoizoea kwa jina la Mututho, inasema saa kumi na moja jioni kwa siku za kazi, na wikendi ni kuanzia saa nane mchana. Hata shemeji yangu asiyekunywa anaijua. Tulichelewa kwa sababu tuktuk ya pili haikuwa na mafuta, tuliiona ikisukumwa.

Njiani akatusimamisha kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza akawaambia wenzangu huyu alikuwa malkia wa Wagiriama. Malkia wa wapi? Wagiriama walikuwa na wazee wa kaya, zile makazi zao takatifu za msituni. Mekatilili alikuwa mwanamke mjane aliyezunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kulisha watu kiapo wasiwafanyie kazi Waingereza, mwaka 1913, wakamkamata wakampeleka mpaka Kisii na bado akatoroka akarudi. Hadithi tamu namna hiyo unaipunguza kwa taji la bandia la nini? Nikanyamaza. Nilikuwa bado nina adabu.

Tukafika shambani, upande wa Ganda. Hapo lazima niseme ukweli, pazuri. Minazi imeinama, kibanda cha makuti, kuku, jua limeanza kulegea. Mgema ni mzee mkavu, mguu wake umeshika umbo la vipago, zile ngazi zinazochongwa kwenye shina la mnazi. Alipanda huku kotama, kisu chake cha kugemea, imechomekwa kiunoni na kibuyu kinaning'inia, kama mtu anayekwenda ghorofani kwake kuchukua miwani. Juu akalikata karara, lile ganda la maua ya mnazi, kipande chembamba sana, akamimina kilichokusanyika, akarudisha chombo, akashuka. Mzee yule ni nyota tano. Ningekuwa nampa nyota yeye peke yake tungemaliza hapa.

Lakini chini ya mti kijana alikuwa anahubiri. Kwa Kiitaliano kwanza, maana Malindi Kiitaliano ndicho lugha ya pili, kisha kwa Kiingereza: kwamba mnazi hutengenezwa kwa maji ya dafu yaliyoachwa yakachacha. Maji ya dafu! Mzee yuko juu anakata karara mbele ya macho yao, hakuna hata dafu moja lililoguswa, na huyu anawaambia ni maji ya dafu. Mama mmoja wa Kiitaliano akaandika kwenye daftari. Nikashindwa. Nikasema kwa upole, kaka, hii ni maji ya karara, kabla halijachanua, ukilikata kila siku linadondosha, na karara lililogemwa halizai nazi tena. Mnazi haupikwi, hautiwi hamira, unajichachia wenyewe humo kibuyuni. Wa asubuhi mtamu, wa jioni una meno, ukilala sana unakaribia siki. Kijana akanitazama, akacheka na wageni, akaendelea na dafu lake.

Nadhani kosa langu lilikuwa hapo. Pengine asingechukia, mrija ningepewa. Sijui. Ila hata kama nilimuudhi, elfu tatu yangu haikumuudhi.

Tukakaa kwenye mikeka, watu saba. Kibuyu kikawekwa katikati. Kijana akatoa mirija kwenye mfuko wa kitambaa, mizuri, mipya, akaanza kugawa. Mama wa daftari, mumewe, Wajerumani wawili, mabinti wawili wa Kiitaliano. Sita. Akafunga mfuko. Nikasubiri. Nikadhani anakwenda kuleta mwingine. Akaingia kibandani akatoka na kikombe cha plastiki, chekundu, kina alama ya meno ukingoni, cha aina ile ya kuogea watoto.

"Kaka, na mrija wangu?"

"Bro, mirija ni ya wageni. Wewe ni mtu wa nyumbani bana, tumia kikombe."

Nyumbani! Saa mbili nyuma nilikuwa mgeni wa kulipa mara mbili. Umbali kutoka mjini mpaka Ganda umenibadilisha uraia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jua halijatua nimeshapewa jembe na nimelinunua mwenyewe. Na lililoniuma si kikombe. Nyumbani nakunywa kwa kikombe, kwa kopo, hata kwa kifuu. Lililoniuma ni lile "bana", alivyolisema kama ananifanyia heshima, huku binti mmoja akinipiga picha nikiwa na kikombe changu chekundu. Niko kwenye simu ya mtu Italia sasa hivi. Sijui ameandika nini chini yake.

Halafu hakuna hata mmoja aliyeambiwa amwage tone chini kwa ajili ya koma, mizimu ya wazee, kabla ya kuanza. Mzee alimwaga lake pembeni, kimya. Kijana akawaambia wageni anasuuza chombo.

Ladha? Nitasema. Kile kibuyu cha kwanza, hata kwa kikombe cha mtoto, kilikuwa mnazi mtamu kuliko wote nilioonja tangu ujana wangu. Povu jembamba, utamu unakuja mbele, ukali unafuata nyuma taratibu kama mtu mwenye haya. Nilikasirika kwamba ni mtamu. Nilitaka uwe mbaya. Viazi karai navyo sina la kusema, vizuri. Basi niseme nyota mbili.

Cha tatu ndicho kilichonivuruga. Cha pili kilikuwa mnazi wa kulala, mkali, sawa. Cha tatu kikaja kimekuwa kama kitu kilichosimuliwa tu kwamba kiliwahi kuwa mnazi. Chepesi. Kina sukari ya dukani, ulimi wangu haudanganyiki. Wenzangu wakasifu, mama akaandika. Nikaondoka kwenda kujisaidia nyuma ya kibanda, nikamkuta kijana ameinamia dumu, chupa ya maji mkononi, mfuko wa sukari miguuni. Kila mtu anaijua ile methali ya mgema na maji. Nataka kusema hadharani kwamba methali inamsingizia mgema. Mgema alikuwa ameketi kwenye gogo hatua kumi kutoka pale ananoa kotama yake.

Nikapandisha sauti. Nilisema maneno, mengine nayajutia. Kijana akawa anasema "relax, relax bro". Ndipo mzee akaniita. Nikamwamkia Kidigo, akanijibu Kigiriama, tukaelewana kama binamu, maana ndivyo tulivyo. Akaniambia, "Mwanangu, muache. Mimi ndiye nimemwambia atie." Wageni wa juzijuzi walikunywa wa jioni kama walivyogemewa, mmoja akaanguka kwenye mihogo, ikabidi abebwe. Tangu hapo cha tatu hutiwa maji.

Basi nikabaki na hasira isiyo na mwenyewe. Kumbe ni busara. Kumbe kijana alikuwa anatii mzee. Nilikaribia kwenda kumwomba radhi, wallahi nilikaribia. Ila kama ni busara, mbona uifanye nyuma ya kibanda? Waambie watu, hiki tumekipunguza makali kwa ajili yenu. Na sukari je, nayo ni ya kuzuia kuanguka?

Mzee akanipisha kwenye gogo, akachomoa mrija wake mwenyewe, mweusi kwa uzee, akaufuta kwa kiganja, akanipa. Kibuyu chake cha pembeni hakikuwa na maji ya mtu. Tukavuta kwa zamu. Hakuna aliyenihubiria kuhusu dafu. Akanieleza kuhusu kadzama, tembo linalopelekwa kwa wazee ukienda kuposa au ukiwa na shauri, kwamba bila hilo huna pa kuanzia neno. Akaniuliza bei ya nazi Tanga. Akalalamikia magoti. Nyota nne. Kwa robo saa ile, nyota nne na nusu.

Nami nikaharibu kwa kuuliza. Nikamuuliza, mzee, katika hizi elfu tatu tatu zetu wewe unapata ngapi? Akacheka. Kijana humlipa kwa madumu, bei ileile mzee anayowauzia watu wa mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, wala halipwi kwa kichwa. Kupanda mti mbele ya kamera ni bure. "Kwani nisingepanda?" akasema, "mnazi ni wangu, lazima nipande." Yeye hakuona tatizo. Mimi ndiye niliyerudi kwenye mkeka nikiwa nimevimba upya.

Kinywaji cha nne sikimalizii maneno. Ni bia ya mikono, eti imepikwa mjini na rafiki wa kijana, chupa haina lebo, vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Nikamuuliza imetumia kimea cha nafaka gani. Akajibu, "Ukwaju." Nikaiweka chini.

Kurudi tuktuk ilikuwa na mafuta. Isha ilishapita. Shemeji alikuwa barazani, hakusema kitu, alinusa tu. Dada akauliza kile kikombe chekundu nimekitoa wapi, maana nilikuja nacho. Nilikichukua kwa hasira, nikisema angalau hicho nimekilipia. Kipo hapa Mkinga, kinashika miswaki.

Nilipompigia kijana kesho yake kudai nirudishiwe ile ziada ya bei ya wageni, hakukataa wala hakukubali. Alisema nikija tena nitapewa mrija. Hilo tu. Nikamwambia nikija tena sipiti kwake, mzee ameshanionyesha mti wa kushukia. Mti huo siwaambii, mtampelekea makamera.

Juzi amenitumia ujumbe kuomba nyota tano, na neno la Kiitaliano mwishoni. Nilikusudia kubonyeza moja. Kidole kilikuwa na mafuta ya samaki, kikateleza, zikaingia tatu, na sasa programu inaniambia maoni yangu yameshapokelewa. Kwa hiyo mkiona tatu pale juu, ni moja.